Hatuwatupi Wazee Wetu, Tunawaficha

Katika mkutano mmoja wa wakazi wa mtaa wetu hapa Section 58, Nakuru, lilizuka suala la ploti iliyokaa bure miaka mingi, imeota magugu hadi ikageuka jaa la taka. Mama mmoja akatoa wazo: kwa nini tusimwendee mwenye ploti, tukamwomba tujenge pale vijumba vichache vya wazee wasio na mtu? Hakufika mwisho wa maneno yake. Jamaa aliyeketi mstari wa mbele, mtu wa heshima zake, aliinuka akasema kwamba nyumba za wazee ni mambo ya Wazungu. Sisi Waafrika wazee wetu hatuwatupi, tunakaa nao. Makofi yakapigwa. Mazungumzo yakahamia kwenye taa za barabarani.

Majuma mawili baadaye nilikuwa na shughuli kwa bwana huyo. Nyumba yake ni ya ghorofa moja, sebule ina vigae vinavyong'aa, ngazi imejipinda kwenda vyumba vya juu. Nikamuuliza hali ya mama yake, maana nilikuwa nimesikia ameletwa mjini kutoka mashambani. "Yuko nyuma," akanijibu. Nyuma kulikuwa na SQ: chumba kimoja, kitanda, meza ya plastiki yenye dawa za presha, na mlango unaofunguka kuelekea ukuta wa jirani, hatua tatu tu, na kamba ya nguo imekatiza katikati.

"Shikamoo, shosho."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

Nikajieleza ukoo wangu hadi akaridhika. Nilipomuuliza kama ameizoea Nakuru, alinyoosha kidole kuelekea ukutani. "Nimeuzoea huu," akasema.

Sina nia ya kumsimanga bwana huyo. Dawa zile ni yeye anayezinunua, na mama hakosi chai wala chakula. Ninachopinga ni ile kauli yake iliyopigiwa makofi, kwa kuwa si yake peke yake. Utaisikia kwenye matanga, kwenye mahubiri, kwenye matatu ya kwenda Njoro. Inatufanya tujione tumemaliza kazi ilhali hatujaianza. Nasema kauli hiyo ni ya uongo mara tatu: inaisingizia mila yetu, inaficha tunayowatendea wazee, na inakosea hata kuhusu hao Wazungu inaowasema.

Tuanze na mila. "Mzee wa Kiafrika alikaa na watoto wake." Alikaa nao wapi? Kwa Wakikuyu, mzee alikuwa na thingira yake, kila mke alikuwa na nyumba yake, na kijana alipofika umri alijengewa ya kwake. Kwa Wajaluo kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee, ambamo wasichana na watoto wadogo walikwenda kulala, wakalishwa hadithi na vitendawili hadi usingizi uwachukue. Zingatia hapo nani alimfuata nani: watoto ndio waliohamia kwa bibi. Na hadi leo, kwa Wajaluo na Waluhya wengi, mzazi kulala chini ya paa la mwanawe aliyeoa ni mwiko. Mkwe na mkwe hupishana. Kila mmoja na mlango wake.

Basi kilichomtunza mzee wa zamani hakikuwa chumba ndani ya nyumba ya mtoto. Kilikuwa ni nyumba yake mwenyewe, ndogo, ya chini, yenye moto wake, na mlango uliotazama uwanja ambao kila mtu wa boma alipaswa kuupita. Aliyekwenda kukama alimwona. Mtoto aliyetumwa maji alimwamkia. Mgeni aliyeingia alikaguliwa naye kabla ya wengine. Ramani ya boma ndiyo iliyokuwa huduma ya wazee, na haikuhitaji mtu aajiriwe kuitekeleza.

Sasa linganisha na nyumba zetu za Section 58. Nyumba ya sebule chini na vyumba juu haikutoka kwa Wakikuyu wala Wajaluo wala Wakalenjin. Ilichorwa kwa ajili ya mume, mke na watoto wawili watatu, na ngazi yake ni adui wa goti la mtu wa miaka 80. Na hicho chumba cha nyuma tunachokiita SQ, yaani servants' quarters, kina ukoo unaojulikana. Katika miji ya kikoloni kama Nakuru, iliyopata reli mwaka 1900 na kutangazwa mji mwaka 1904, nyumba ya Mzungu ilijengwa mbele na chumba cha boi kikawekwa mwisho wa kiwanja, mlango ukageuziwa mbali ili mwenye nyumba asimwone mtumishi anapopumzika. Kilikuwa chumba cha mtu anayehitajika lakini hatakiwi kuonekana. Mchoro huo tumeurithi bila kuuliza, na leo ndani yake tunamlaza mama.

Kinaya ni hicho. Mtu anasimama mkutanoni kukataa nyumba za wazee kwa kuwa ni za Kizungu, kisha anarudi kwenye nyumba ya Kizungu na kumweka mzazi wake katika chumba cha boi wa Mzungu.

La pili ni lile la "hatuwatupi". Mwezi Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Huko Ganze, Kaunti ya Kilifi, kuna mahali paitwapo Kaya Godoma ambapo wazee hukimbilia kuokoa roho zao baada ya kutishiwa na jamaa zao wenyewe. Tuhuma ni uchawi. Mara nyingi kiini ni shamba. Hayo nayo yametokea Afrika, mikononi mwa Waafrika, dhidi ya wazee wa Kiafrika. Tena si kila mzee ana mtoto wa kumtupa au wa kumtunza. Kuna waliozika watoto wao wote. Kuna wasiojaaliwa kuzaa. Hapa kwetu katika Bonde la Ufa kuna waliopoteza nyumba na jamaa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, wakaanza upya wakiwa tayari na mvi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na zaidi. Mwenye kusema hao wote "wanakaa na watoto wao" hajawahi kupita mtaa wa Bondeni hapa Nakuru saa nne asubuhi.

La tatu ndilo litakalotupeleka mbali kidogo: hizo nyumba za Wazungu zenyewe. Tunaposema "nyumba ya wazee" picha inayotujia ni bweni refu, vitanda vimepangwa kama hospitalini, geti limefungwa, wazee wamevaa sare. Picha hiyo ina asili ya kweli Uingereza, lakini si katika nyumba za wazee. Ni picha ya nyumba za kazi za maskini, zilizoenea baada ya Sheria ya Maskini ya 1834. Mfano wake ulikuwa jengo la Southwell, lililojengwa mwaka 1824, lenye nyua zilizotenganishwa kwa kuta: wanaume huku, wanawake kule, watoto pengine. Mume na mke walioishi pamoja miaka 40 waliachanishwa mlangoni. Jengo lilikusudiwa kutisha, ili mtu aone afadhali njaa ya nyumbani. Hilo tulichukie kwa haki kabisa, na Waingereza wenyewe walilichukia.

Lakini karne nyingi kabla ya hapo, Waingereza hao hao walikuwa na kitu kingine: nyumba za sadaka. Askofu, tajiri au chama cha wafanyabiashara hutenga kiwanja, hujenga safu ya vijumba, kisha huacha mashamba au majengo ya kupangisha ili mapato yake yatunze vijumba hivyo na wakazi wake vizazi na vizazi. Nyingi zilidai mzee awe ameishi katika eneo lile miaka kadhaa, kwa hiyo hakuhamishwa mbali na majirani wala kanisa lake. Nyumba hizi hazijawa magofu. Hadi leo zaidi ya watu 30,000 wanaishi ndani yake nchini Uingereza.

Ukitaka kujua walijifunza nini, nenda Chichester. Pale kuna jengo la St Mary's la mwishoni mwa karne ya 13, ukumbi mmoja mkubwa kama ghala, paa lake la mbao limeshuka karibu kugusa ardhi, na mwisho wake kuna kanisa dogo. Mwanzoni lilikuwa bweni: vitanda pembeni, altare mbele, mgonjwa akisikiliza misa akiwa amelala. Katika karne ya 17 wakaingia humo ndani na kujenga vijumba vidogo, kila kimoja na mlango wake na meko yake, mabomba ya moshi yakatoboa lile paa la zamani. Wazee wangali wanaishi humo. Jengo hilo moja linakusimulia safari nzima: waliwapanga wazee safu safu, wakaona haifai, wakampa kila mmoja mlango.

Winchester wao walifika mapema zaidi. Nyumba ya sadaka iitwayo Hospitali ya St Cross ilianzishwa na Askofu Henry wa Blois miaka ya 1130 kwa ajili ya wanaume maskini 13. Katika miaka ya 1440 Kardinali Beaufort aliipanua. Ukisimama uani unaona paa refu lenye safu ya mabomba marefu ya moshi, kwa kuwa kila mzee alipewa vyumba vyake na moto wake. Milango inatazama ua mmoja mpana wa nyasi. Kanisa liko upande mmoja, ukumbi wa kulia chakula upande mwingine. Na msafiri anayebisha langoni akaomba, hadi leo hupewa kipande cha mkate na bia kidogo. Wazee wa pale hawajafungiwa. Wao ndio wenye nyumba, na dunia ndiyo inayokuja kubisha hodi kwao.

Nyumba ndogo, ya chini, yenye moto wake, mlango unaotazama ua ambao kila mtu hupita. Si maneno niliyoyatumia juu kuhusu boma? Watu wawili wasiowahi kukutana, mmoja akijenga kwa udongo na mwingine kwa mawe, walifika kwenye ramani moja kwa sababu tatizo lilikuwa moja: mzee anahitaji faragha ya kufunga mlango na hakika ya kuonekana akiufungua. Bweni linampa kuonekana bila faragha. SQ inampa faragha bila kuonekana. Ua unampa yote mawili.

Najua pingamizi lililobaki, na si dogo. London kuna nyumba 14 za sadaka zilizojengwa mwaka 1714 kwa mali ya Robert Geffrye, aliyekuwa meya wa jiji. Zimezunguka bustani kwa pande tatu, upande wa nne uko wazi kwa barabara. Leo ni makumbusho ya maisha ya nyumbani. Juu ya mlango wa kanisa lake la katikati imesimama sanamu ya Geffrye. Sehemu ya fedha zake ilitokana na biashara ya watumwa kutoka Afrika. Matofali yale yana damu yetu, na asiyetaka kuyasifu nitamwelewa. Kule Warwick nako, katika hospitali ya Lord Leycester iliyoanzishwa mwaka 1571, wazee walivalishwa beji ya fedha yenye nembo ya mfadhili, dubu na gogo lake, ili kila awaonaye ajue ni maskini wa nani. Kwingine walilazimika kuiombea roho ya mfadhili kila siku. Sadaka ile ilikuwa na kiburi, na kiburi hicho hatukihitaji. Tuna cha kwetu cha kutosha: tazama majina ya wanasiasa yaliyopakwa kwenye kuta za madarasa na matangi ya maji.

Lakini kukataa sanamu si kukataa ua. Na wazo lenyewe la kutenga mali ili mapato yake yawahudumie wasiojiweza halikuja na meli ya Mwingereza. Pwani wanaliita wakfu, nalo lilikuwapo kabla ya bendera yake kupandishwa. Zanzibar, nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu. Mombasa na Lamu kuna majengo na mashamba yaliyowekwa wakfu kwa misikiti, jamaa na maskini, na Kenya ina kamisheni ya kuyasimamia. Unguja leo ina makazi ya wazee ya Sebleni na Welezo, na tangu 2016 kila Mzanzibari aliyefika miaka 70 hulipwa pensheni na serikali bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Sijasikia mtu akiwaambia Wazanzibari kwamba wamekuwa Wazungu. Na Kasarani, Nairobi, masista wamewatunza wafuasi wa kila dini mahali ambapo jina lake ni la Kiswahili tupu: Nyumba ya Wazee.

Turudi Nakuru, maana huku ndiko ninakotaka kujenga. Nenda mitaa ya zamani ya halmashauri: Kaloleni, Kivumbini, Flamingo. Wakoloni walijenga safu za chumba kimoja kimoja kwa ajili ya vibarua wa mji, wakitegemea kwamba mtu atafanya kazi akiwa kijana na akizeeka atarudi kwao. Wengi hawakurudi. Ukipita asubuhi unamkuta mzee ameketi mlangoni kwenye kiti cha mbao, jirani anamkabidhi kikombe cha uji akielekea mferejini, mtoto wa shule anatumwa kuangalia kama guka ameamka. Vyumba vimechakaa, vyoo ni aibu, mvua ikinyesha paa linavuja. Lakini mzee akikosa kufungua mlango kufikia saa mbili, ploti nzima inajua. Ni majumba mangapi ya Section 58 yenye uhakika kama huo?

Mitaa hiyo sasa inakodolewa macho ili ibomolewe, yasimame maghorofa, kama Bondeni ambako nyumba za bei nafuu zimekwisha kujengwa. Sipingi nyumba mpya. Napinga kumpandisha ghorofa ya nne mtu aliyekaa chini miaka 50, kisha tukajisifu tumempa makao bora. Kila mradi kama huo uwe na safu ya chini, ya wazee, milango ikitazama njia wanayopita watoto wakienda shule. Kulitenga hilo hakuhitaji sheria mpya. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mzee haki ya kuishi kwa hadhi, kushiriki mambo ya jamii, na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Watu hukariri neno "familia" na kulimeza "serikali". Na kushiriki mambo ya jamii kutoka ndani ya SQ ni kushiriki na kamba ya nguo.

Na ile ploti yetu ya magugu? Ina nusu eka, yaani kama mita za mraba 2,000. Vyumba 12 vya mita nne kwa tano, kila kimoja na choo cha kukalia na kona ya jiko, havitamaliza hata theluthi moja ya eneo hilo. Vipangwe pande tatu, upande wa nne uwe wazi kwa barabara, na ukuta wa mbele uwe baraza ya kukalia badala ya vigae vya chupa vilivyopandwa juu ya saruji. Katikati paachwe uwanja, mfereji na mti wa kivuli. Pembeni mwa lango kiwekwe kibanda kimoja cha mboga, mzee mwenye nguvu auze sukuma, ili majirani wawe na sababu ya kufika kila jioni. Vibanda viwili vingine vipangishwe, kodi yake itengeneze paa na mabomba. Hiyo ndiyo wakfu, hata kama hatutaiita hivyo. Wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka mitaani tayari wapo. Watabisha milango 12 mahali pamoja badala ya kutafuta ma-SQ 12 nyuma ya mageti 12 yenye mbwa.

Utaniambia wazee watatupwa hapo na watoto wenye uwezo. Basi masharti yawekwe, kama yalivyowekwa na wote walioendesha jambo hili kwa muda mrefu: mkazi wa eneo hili, asiye na mtu au asiye na pa kukaa. Mwenye mama na nafasi amlee mwenyewe, na Mungu atamlipa. Ila amjengee mlango unaotazama watu. Akishindwa kujenga, ahamishe kiti. Shilingi 2,000 za kila mwezi ambazo serikali huwatumia wazee wa miaka 70 na zaidi kupitia mpango wa Inua Jamii hununua unga na dawa. Hazinunui mtu wa kukuuliza umeamkaje.

Nilipopita tena kwa bwana yule, mama yake hakuwa chumbani. Alikuwa amebeba kigoda chake, akapita ubavuni mwa nyumba, akaketi kando ya geti kubwa, mahali ambapo kuna upenyo wa kuona barabara. Askari alimsihi arudi ndani, jua lisije likamwumiza. Hakumjibu. Msichana wa mandazi alipopita, shosho alimwita akamuuliza, kama alivyoniuliza mimi, yeye ni wa nani. Msichana akatua beseni lake chini na kuanza kutaja ukoo.